Nafasi ya Namba Saba

Mimi ni fundi cherehani, na katika timu yetu ya mpira ya mtaa wa Bertrams, Johannesburg, kazi yangu ilikuwa jezi: kuzishona zikichanika, kuzifua, kuzipiga pasi na kuzipeleka uwanjani kila Jumapili kwenye begi kubwa la turubai. Kwa ajili hiyo nilikuwa pia mjumbe wa kamati. Wapo waliodhani nimewekwa pale ili na wanawake wawemo. Si kweli. Niliwekwa kwa sababu mwenyekiti alijua nikiachwa nje nitasema maneno mengi kuliko nikiwa ndani.

Begini mlikuwa na jezi za wachezaji wote, pamoja na namba saba. Hiyo niliifua kila wiki kama nyingine, ingawa tangu Mei 2008 hakuna aliyeivaa. Sikuambiwa niifue, wala sikuambiwa niiache. Ilikuwemo begini, na mimi begi huwa nalifua lote.

Aliyekuwa akiivaa ni winga wetu wa kulia, kijana wa Bukavu, mrefu, mwenye kicheko cha kuudhi, mlinzi wa maduka huko Sandton. Alipanga kibanda Alexandra ili awe karibu na kazi. Vurugu za kuwafukuza wageni zilipoanza mwaka ule zilianzia hukohuko. Kaka yake alimpigia simu, ikaita mpaka ikakata. Kesho yake ikaita tena. Baadaye ikawa haiiti. Kaka mtu akazunguka hospitali, vituo vya polisi, vyumba vya maiti, na mahema walikowekwa watu waliokimbia. Hakumkuta kwa walio hai wala kwa waliokufa. Walitokea watu waliosema wamemwona: mmoja alimwona akipanda lori la kwenda Maputo, mwingine akivuka barabara kule Musina, mpakani na Zimbabwe. Nilichokigundua mimi ni kwamba kila aliyemwona alimwona mgongo tu.

Mama yao, aliyekuwa Bukavu, alitoa amri moja kwa simu: mtu asikae chini. Kwetu sisi, tangu Kigoma nilikozaliwa mpaka Bujumbura mpaka huko kwao, msiba ni kukaa chini. Viti vinatolewa nje, mikeka inatandikwa, na wenye msiba wanakaa sakafuni, ndipo watu wanaanza kuingia mmoja mmoja kutoa pole. Ukishakaa chini umeshakubali. Mama alisema mpaka auone mwili wa mwanawe, au asikie kwa aliyeuona, hakuna kukaa chini, na pole ya mtu yeyote isipokelewe. Kwa hiyo kaka mtu alirudi uwanjani pamoja nasi vurugu zilipopoa, na sisi tukamsalimia kama kawaida, tukazungumza habari za mpira.

Huyo kaka mtu ndiye aliyekuwa kocha msaidizi wetu, mwenye dhamana ya safu ya ushambuliaji. Siku za kazi alikuwa fundi viatu Doornfontein. Jumapili ndiye aliyepanga nani akimbie wapi na namba kumi apige pasi lini. Kocha mkuu, Mtanzania mwenzangu wa kutoka Tanga, alishughulika na ulinzi na mahubiri ya wakati wa mapumziko. Mgawanyo huo uliwafaa wote wawili kwa muda mrefu.

Mambo yaliharibika mwaka 2010. Mwanzoni mwa mwaka winga wetu wa kushoto, ambaye ndiye aliyekuwa anatubeba, alihamia Cape Town. Kocha msaidizi akageuza mipango yote, akairudisha upande wa kulia kama zamani. Ila upande huo hakupanga mtu. Alisema beki atakuwa anapanda. Beki mwenyewe alikuwa mnene, mpishi wa hoteli, na kupanda kwake kulikuwa kupanda kwa mtu mwenye mizigo.

Hapo ndipo namba kumi alipoanza kutuaibisha. Huyu alikuwa Mrundi, mlinzi wa maegesho ya magari, kijana mpole ambaye mpira ukifika mguuni kwake ulikuwa unatulia wenyewe. Timu nzima ilipitia kwake. Sasa akipata mpira katikati, akiwa na wenzake kushoto na mbele, anageuza kiuno na kuupeleka kulia, mbali, pembeni kabisa, mahali pasipo na mtu. Pasi ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililowakera watu. Ilikuwa imepimwa. Ingekuwa ovyo tungesema kijana amechoka. Watazamaji walicheka, kisha wakazomea, kisha, mechi ya tatu au ya nne, wakanyamaza. Ule ukimya ulinikera kuliko kuzomea.

Tulikuwa tunashuka. Kwenye ligi yetu ya Jumapili timu ya mwisho ilipoteza zamu yake ya uwanja na mwaka unaofuata ilichezea mbali, ng'ambo ya machimbo. Wakati mwingine hilo lingekuwa jambo la kununa tu. Lakini majira yale Kombe la Dunia lilikuwa mjini, vuvuzela zinalia mpaka unazisikia kichwani ukiwa umelala, na katikati ya furaha ile yote mtu wa spaza, kiduka cha mtaani, anakupa mkate wako na kukuambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba Kombe likiisha mtaenda kwenu. Aliyeuza nyanya alisema hivyo. Dereva wa teksi alisema hivyo. Hakuna aliyeonekana na hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa inatisha. Wachezaji wetu walikuwa wanarudi nyumbani kwa miguu, kundi zima pamoja, na hakuna aliyetaka kutembea ng'ambo ya machimbo jua likizama.

Basi mwenyekiti akaitisha kikao kwenye karakana yake ya samani, Doornfontein. Alikuwa mzee wa Lubumbashi, mwenye suti moja nzuri na sauti ya kanisani. Tulikaa watatu, yeye, kocha mkuu na mimi, juu ya viti ambavyo havijapakwa vanishi. Ajenda ilikuwa moja. Kocha msaidizi alikuwa amekalia kuti kavu, kila mtu alijua, na kilichobaki ni kuamua kama kibarua chake kiote nyasi siku hiyo au baadaye kidogo.

Mwenyekiti alisema mchezaji hafukuzwi kwa kufanya anachofundishwa. Kama namba kumi anapiga hewani, wa kuulizwa ni anayemfundisha kupiga. Kocha mkuu alikubali, lakini alikubali huku anatazama maranda ya mbao sakafuni. Kisha akatueleza jambo ambalo, alivyosema, si la kikao. Mechi iliyopita, baada ya filimbi, beki wa wapinzani, Mzimbabwe asiyetujua kwa lolote, alimfuata na kumuuliza ni nani yule mchezaji wetu aliyekuwa anaomba mpira nyuma yake muda wote. Alisema kila akigeuka hamwoni. Kocha mkuu alipomaliza alicheka kidogo, akitungojea tucheke naye.

Mimi si mtu wa mashetani. Nilimwambia palepale kwamba upande ule wa uwanja kuna ukuta wa ghala, kocha msaidizi anapiga kelele kutoka upande wa pili, sauti inagonga ukuta na kurudi, na Mzimbabwe wa watu ameisikia shingoni kwake. Wote wawili wakasema kweli, ni ukuta. Walikubali haraka mno. Nikawauliza kama kuna aliyekwenda kuangalia mazoezi yenyewe tangu mwaka uanze, wakaanza kunieleza kazi zinavyobana. Nikasema nitakwenda mimi, na hukumu ingoje.

Nilikwenda siku ya kazi, alasiri, nikafunga cherehani mapema. Mwezi wa sita Johannesburg jua linakuwa jeupe bila joto, na kivuli cha mtu kinaanza kurefuka kabla hajamaliza kunywa chai. Majani ya uwanja yalikuwa yamekauka, rangi ya mkeka mkuukuu. Nikakaa juu ya tairi lililofukiwa kando ya mstari, nikajifunika khanga juu ya koti.

Walikuwa wanafanya zoezi moja tu, tena na tena. Mpira unatoka kwa beki, unafika kwa namba kumi, namba kumi anatulia. Kocha msaidizi, amesimama upande wa pili mikono mfukoni, anatazama upande wa kulia. Haangalii mpira. Anatazama kule pembeni, macho yake yakisogea taratibu, na yakifika mahali fulani anasema, “Sasa.” Ukuta unarudisha: sasa. Namba kumi anapiga. Mpira unaruka, unadunda, unaelekea kibendera cha kona, na watu wote uwanjani wanasimama.

Nieleze vizuri hapo, kwa sababu ndipo mwili uliponisisimka. Hawakusimama kama watu wanaongoja mpira utoke nje. Mshambuliaji wa kati alikimbilia mlingoti wa mbali. Kiungo mmoja alisogea ukingoni mwa boksi. Kipa alitoka hatua chache, akainama magoti, mikono tayari, akitazama kona, kama kipa anayejua krosi inakuja. Wote walikaa hivyo kwa kitambo. Kisha kitu kikalegea, mabega yakashuka, mmoja akaenda kuchukua mpira, wakaanza upya. Hakuna aliyetazamana na mwenzake. Hakuna aliyecheka.

Mara ya pili niliwatazama tena wao. Mara ya tatu nilijikuta nimegeuza shingo mwenyewe, kutoka katikati ya uwanja mpaka kwenye kibendera, taratibu kwanza, halafu haraka, kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Nilijikasirikia sana. Nikashika tairi kwa mikono miwili, nikaangalia viatu vyangu.

Mpira wenyewe mara nyingine ulitoka nje, mara nyingine ulisimama kabla ya mstari, pale pale kila mara. Walipopumzika nilikwenda kuangalia, nikitegemea kukuta shimo au kichaka cha nyasi kinachoushika. Ardhi ilikuwa tambarare na ngumu, na kama ilikuwa na mteremko basi ni wa kuelekea nje. Nikarudi bila kumwambia mtu.

Namba kumi alikuwa anafunga kamba za viatu. Nikakaa karibu naye, nikamuuliza kwa upole, maana ni kijana wa kuulizwa kwa upole, kwa nini anatupa mipira ya watu.

“Dada, mimi situpi,” alisema. “Nasikia ‘sasa’, napiga.”

Nikamuuliza akiinua macho anamwona nani pale.

“Siinui macho.”

Nikamuuliza kwa nini. Alifunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. Akasema anaogopa. Sikumuuliza kama anaogopa kuona mtu au kutoona mtu, kwa sababu niliona angeniuliza na mimi ninachoogopa ni kipi.

Kocha msaidizi alikuwa ameniona tangu nimefika, na alijua nimetumwa. Alikuja mwenyewe. Ni mtu ambaye asipokuwa anafundisha alinong'ona kwa watu kwa adabu, na siku ile alisema kwa sauti ileile ndogo, bila kuniomba chochote.

“Dada, mukiniondoa, kesho yake mutapanga mutu pale. Na siku mutapanga mutu pale, njo munasema mudogo yangu amekufa. Mama hajasema. Miye sijasema. Nyinyi ni nani museme?”

Nilitaka kumwambia kwamba mpira ni mpira na msiba ni msiba. Nilimhurumia, na wakati huohuo nilimkasirikia, kwa sababu alikuwa amewafanya vijana kumi na mmoja wakeshe naye bila kuwaambia. Nilimwambia tu asante kwa mazoezi, kana kwamba amenikaribisha chakula, nikaondoka kabla jua halijashuka nyuma ya majengo.

Kwenye kikao cha pili, siku chache baada ya fainali ya Kombe, niliwaeleza niliyoyaona, nikiacha shingo yangu na ile ardhi tambarare. Mwenyekiti alisema sasa ndiyo kabisa kocha msaidizi hawezi kubaki, kwa sababu mtu aliyefiwa asiyelia anaambukiza wengine. Kocha mkuu alisema akiondolewa, namba kumi atavunjika, maana hana masikio ya sauti nyingine. Ndipo mimi nikatoa ushauri wangu, na nilijiona mjanja. Nilisema abaki. Ila namba saba apewe mtu, Jumapili inayokuja. Timu ikipata bao kupitia upande ule, kazi yake imepona na hakuna atakayeigusa tena. Ikikosa, aende, na mimi mwenyewe nitamwambia. Wote wawili walipumua. Watu wakipewa sharti hujiona wametenda haki.

Watu hupenda mwanamke amalizie kwa kusema anajuta. Mimi sijutii. Timu ilikuwa inazama, mtu alikuwa anazama ndani yake, na hakukuwa na mwingine aliyekuwa tayari kutia mkono. Ningeulizwa leo ningesema vilevile. Lakini kuna siku naliwaza jambo hili nikiwa kwenye cherehani na mguu unasimama wenyewe.

Nilimfuata kwenye kibanda chake cha viatu, akiwa anabandika soli. Nilimweleza kwa namna niliyoiandaa njiani: kwamba huyo atakayevaa hachukui nafasi, anaishikilia tu, mwenyewe akirudi anaikuta. Alipaka gundi pole pole mpaka kwenye kisigino.

“Ashikilie tu,” alisema. “Asizoee.”

Tuliyempata alikuwa kijana wa Uvira, aliyefika mwezi uleule, analala kwa binamu yake hapo Bertrams. Mfupi, mwepesi, mwenye furaha ya mtu ambaye hajachoshwa na mji. Tulikubaliana asiambiwe habari ya jezi, ili asiogope. Hata hilo lilionekana busara. Niliitoa namba saba begini nikaona itamfikia magotini, nikashika mkasi niikate pindo, nikauweka chini. Nikaushika tena. Mwisho nilimwambia aichomekee ndani ya bukta, na nikajiambia kwamba kitambaa kile kikikatwa kinafumuka.

Jumapili ile Kombe lilikuwa limekwisha. Mji ulikuwa umenyamaza kama nyumba ambayo wageni wameondoka. Magari ya askari yalikuwa yanapita polepole, na baadhi ya watu wetu, waliokuwa na pa kwenda, walikuwa wameshapanda mabasi. Waliokuja uwanjani walisimama karibu karibu. Mwenyekiti alivaa suti yake. Alisimama na mimi upande wa benchi, na kocha msaidizi alisimama mbele yetu kidogo, mikono mfukoni, mahali pake pa siku zote.

Mpira ulipoanza nilimtazama yeye tu. Yule kijana wa Uvira alicheza kipindi cha kwanza chote akikimbilia ndani, akiomba mpira miguuni, mahali pasipo pake. Kocha msaidizi hakumkemea wala hakumwelekeza. Alitazama pembeni, ng'ambo yake, kama mtu anayemtazama mwingine juu ya bega la anayesimama mbele. Alisema “sasa” mara kadhaa, ukuta ukarudisha, namba kumi akapiga, mpira ukaenda kwenye utupu wake. Tulikwenda mapumziko bila bao na mwenyekiti akanitazama. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia mtu kwamba kazi imekwisha.

Wakati wa mapumziko kocha mkuu alimshika yule kijana bega, akamwambia aache kukimbilia ndani, akae na mstari. Ni hilo tu. Kocha yeyote angelisema.

Kipindi cha pili kikaendelea vilevile kwa muda. Kisha mpira ukafika kwa namba kumi katikati, akatulia. Niliona macho ya kocha msaidizi yakisogea kando ya mstari, taratibu kwanza, halafu haraka. Nilikuwa nimeshayajua. “Sasa,” akasema. Na safari hii, kwenye mwendo uleule wa macho yake, kando ya mstari, kulikuwa na namba saba inakimbia. Tuliiona kwa mgongo. Jezi ilikuwa imechomoka kwenye bukta, inapepea magotini, kwa hiyo kutoka tuliposimama alionekana mrefu. Watazamaji waliacha kuzungumza wote kwa pamoja. Mwenyekiti alinishika mkono, mzee yule ambaye hanishiki mkono hata kwa salamu. Mpira ulidunda mara moja, ukamkuta, akaupiga krosi kwa mara moja bila kuutuliza. Mshambuliaji alikuwa kwenye mlingoti wa mbali, alipokuwa amekimbilia msimu mzima, akafunga kwa kichwa.

Sikusikia kelele. Labda zilikuwepo. Nilichokiona ni yule kijana akigeuka. Aligeuka ametanua mikono, anacheka, na uso ulikuwa wa kijana wa Uvira.

Kwa masharti yetu wenyewe, kazi ilikuwa imepona. Nilipiga hatua nimwambie kocha msaidizi hivyo, nimpe habari njema kabla ya mtu mwingine. Alikuwa ametoa mikono mfukoni. Alikuwa anamtazama yule kijana usoni kwa makini, kama unavyomtazama mtu kituo cha mabasi ukidhani unamfahamu.

“Haiko yeye, dada,” alisema.

Miaka miwili pale palikuwa wazi, na mahali palipo wazi unaweza kumweka mtu unayemtaka. Sasa palikuwa na mtu, na mtu mwenyewe si yeye. Nililijua hilo palepale, kabla magoti yake hayajakunjika. Hakuanguka. Alikaa. Alikaa chini kwenye vumbi, akavua kofia, akanyoosha miguu mbele.

Mwenyekiti ndiye aliyefuata. Alikaa na suti yake ile. Mimi nikavua khanga, nikaitandika, nikaona haya kuikalia peke yangu, nikakaa vumbini kando yake. Wachezaji wa akiba waliteremka kwenye benchi mmoja mmoja. Watazamaji wa karibu walituona, na wale wa nyuma yao wakauliza, na hakuna aliyejibu, lakini wao pia wakakaa. Watu wetu hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Mtu mmoja nyuma yangu alisema pole, kwa sauti ya chini. Ilikuwa pole ya kwanza kutolewa tangu 2008, na baada yake zikaja nyingi.

Kijana wa Uvira alikuwa anatukimbilia mikono hewani. Alipotuona tumekaa wote chini, hakuna anayepiga makofi, alipunguza mwendo. Akasimama. Akajitazama jezi, mbele, kisha akageuza shingo akijaribu kuona mgongo wake. Mwamuzi alimpigia filimbi arudi.

Kocha msaidizi aliomba simu. Mwenyekiti akampa yake. Alipiga, na ikapokelewa mara moja, kama zinavyopokelewa simu na mama ambaye miaka miwili hajaweka simu mbali.

“Mama,” alisema. “Mukae chini.”

Upande wa pili ikatoka sauti ya mwanamke mmoja, ndefu, na ikaingia ya pili, na nyingine, mpaka ile simu ndogo ikawa imejaa nyumba nzima ya watu wa Bukavu. Hakuiweka sikioni tena. Aliilaza gotini, iendelee.

Uwanjani walikuwa wameshaanza tena. Mpira ulifika kwa namba kumi, akautuliza mguuni, akageukia kwetu akingoja kuambiwa. Tulikuwa tumekaa, hatusemi. Mpinzani akaja taratibu, hata yeye hakuamini, akauchukua mpira mguuni kwake akaondoka nao, na namba kumi bado anatutazama.